Ndege Isiyo na Mgongo

Mvua ya Lodwar haina adabu. Hukaa miezi bila kubisha hodi, halafu huja yote kwa siku moja na kutafuta tundu la msumari kwenye bati lako. Wiki iliyopita ililipata tundu la duka langu la kushonea, juu kabisa ya rafu ya nyuzi. Nilipofungua mlango asubuhi, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu: udongo mbichi wa mto Tarach, ule mweusi wenye harufu ya mizizi na chuma. Lakini Tarach hauko Lodwar, uko Kakuma. Nilisimama na funguo mkononi, nikajua mtu wangu wa udongo ameyeyuka.

Nimekaa naye tangu utotoni. Alikuwa wa urefu wa kidole, ameketi, magoti yamekunjwa mbele, mikono imeshika kitu ambacho hakipo, na hakuwa na uso. Wateja walidhani ni mwanasesere wa mtoto wangu. Mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nimemgeuza aangalie ukuta, nikamwambia ni kwa sababu ya vumbi. Tope lake bado liko kwenye rafu, sijalipangusa. Nataka kwanza niseme alikotoka, maana ninyi wa rika langu mliokulia Kakuma mtazikumbuka zile saa za adhuhuri, na walio wadogo wetu hawatatuamini.

Sisi tulikaa upande wa mji, ng'ambo ya mto kutoka kambi ya wakimbizi. Mama alipeleka kuni kambini, akarudi na unga na mafuta. Na kama ilivyo kwetu Waturkana, hakuwa na wateja tu, alikuwa na rafiki wa kupeana: wewe unampa, yeye anakupa, na mkikosa wote mnakaa mnaangaliana. Rafiki yake huyo alikuwa mama mmoja kutoka kusini mwa Sudan, mrefu kiasi kwamba alipotoka mlangoni kwake alijikunja mara mbili. Tulimwita Mama Abuk, kwa jina la binti yake. Alikata mikebe ya mafuta ya msaada akatengeneza koroboi, na koroboi zake zilikuwa hazivuji hata tone. Alikunja ukingo wa bati juu ya ukingo mwingine, akagonga kidogo kidogo kwa jiwe, na ukipitisha kidole huwezi kujua ziliungana wapi.

Abuk alikuwa wa umri wangu. Alisikia kila kitu na hakusema chochote. Hakuwa bubu wa kuzaliwa. Mama yangu aliniambia aliacha kusema siku ndege ya vita ilipomuua kaka yake, Kuol, huko kwao, mchana, wakiwa watatu njiani. Mama Abuk alikuwa amemwangusha Abuk ndani ya handaki na kumlalia. Kuol alikuwa hatua chache nyuma. Watoto wote wawili walivaa ushanga wa buluu wa aina moja shingoni. Wa Abuk ulikuwa bado shingoni mwake, na ule wa Kuol Mama Abuk aliufunga kwenye pembe ya shuka yake, fundo dogo gumu ambalo alilishika alipokuwa anafikiri. "Na usiulize," mama alinionya. Kwa hiyo sikuuliza. Nilicheza na Abuk nikisema peke yangu, kwa Kiswahili changu cha shule, na kwa kuwa nilikuwa na maneno ya watu wawili hatukupungukiwa.

Sasa hiyo adhuhuri. Jua likifika katikati, vivuli vya Kakuma huingia chini ya vitu vyenyewe. Watu huingia ndani. Kuku hulala midomo wazi. Kambi yenye maelfu ya watu hunyamaza hadi unasikia bati likijinyosha kwa joto, tak, halafu kimya, halafu tak. Nyuma ya nyumba ya Mama Abuk kulikuwa na shimo. Halikuwa la taka wala la choo. Lilikuwa jembamba, urefu wa mtoto aliyelala, kingo zake zimelainishwa kwa viganja. Siku ya kwanza kuliona nilidhani ni kaburi, nikaliruka bila kukanyaga ukingo.

Lilikuwa la Abuk. Tulipokuwa tukicheza, mara alisimama, kichwa upande, na mimi sikusikia kitu. Aliingia shimoni, akalala chali na kuanza kuguna, mmmmm, chini kabisa ya koo, sauti ambayo haikuwa ya mtoto. Ilikuwa na mitetemo miwili inayopishana, kama wanawake wawili wanaosaga mtama kwenye mawe mawili na hawapatani mwendo. Macho yake yalikuwa wazi kabisa yakiangalia juu. Nilihisi ule mguno kwenye nyayo. Na baada ya muda mrefu, nilipokuwa tayari nimeanza kuona haya kwa niaba yake, ndege ya msaada ilitokea kweli upande wa Lokichoggio, na mngurumo wake ulikuwa ule ule, umeingia ndani ya mguno wa Abuk kama maji ndani ya maji.

Sisi watoto wa wafugaji tulijua kwamba mnyama huitwa. Ata, nyanya yangu, alikuwa na mluzi wa mbuzi na mwingine wa punda, na punda hakuja kwa mluzi wa mbuzi. Kwa hiyo mimi niliamini kitu kimoja tu, na niliamini kwa moyo wote: Abuk anaziita.

Mwaka huo Abuk na mama yake walikuwa wamekubaliwa kwenda kuishi nchi ya mbali, ya baridi. Siku yao ilifika, wakapelekwa uwanjani na wenzao, na Abuk alipoiona ndege imesimama na mlango wazi alikimbia. Alikutwa jioni ndani ya korongo, mchanga umejaa mdomoni, na ndege ilikuwa imeshaondoka na watu wengine. Waliambiwa watapangiwa safari nyingine, na kwamba hiyo ikiwapita nafasi itapewa familia nyingine. Mama Abuk alikuja kwetu akiwa na habari hiyo. Alikaa chini karibu na mzigo wa kuni, ameshika lile fundo la shuka.

"Mtoto yangu haiwezi panda ndege," alimwambia mama. "Ndege iko ndani ya kichwa yake. Mimi taua hii kitu."

"Utaua ndege?" Mama alianza kucheka, lakini alipomwangalia usoni akaacha.

"Ndiyo. Taua."

Tulipobaki peke yetu mama alinieleza, maana alikuwa ameshaona jambo hilo likifanyika kambini. Kwa watu wa Mama Abuk, balaa likikushika unachinja ng'ombe, na balaa linaondoka naye. Lakini mkimbizi atatoa wapi ng'ombe? Basi huchukua tango chungu la porini, wakaliita ng'ombe. Hawafanyi mzaha. Wanaliombea kama ng'ombe, wanaliambia kila kitu ambacho wangemwambia ng'ombe, kisha wanalipasua katikati, na linahesabiwa ni ng'ombe aliyekufa. Mama Abuk alikuwa ameshapasua matango kadhaa kwa ajili ya Abuk, na Abuk alikuwa bado anaingia shimoni. Sasa alitaka kuleta yule mnyama mwenyewe.

Akaanza kuitengeneza. Nimeona mafundi wengi tangu wakati huo, na mimi mwenyewe ni mtu wa vipimo, lakini sijaona kazi kama ile. Siku Kuol alipouawa, akiwa amelala handakini juu ya Abuk, aligeuza kichwa akanyosha mkono kuelekea angani. Sijui kwa nini. Labda alitaka kuiziba. Mbawa za ile ndege zilitoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, na mwili ulikuwa mfupi kidogo kuliko hapo. Vipimo hivyo alivuka navyo mpaka. Sasa kila upana wa kidole aliufanya kiganja kizima, na ndege ikawa ya urefu wa mwanambuzi. Aliitundika kwenye boriti kwa waya, akalala chali sakafuni, akaifanyia kazi akiwa chini yake.

Ndivyo nilivyomkuta kila nilipopeleka kuni: miguu mirefu imetoka mlangoni, mikono juu, na kile kitu kinazunguka polepole juu ya uso wake ingawa hakukuwa na upepo. Mishono ya bati aliigonga kwa ncha ya msumari, kitone baada ya kitone, safu zote zimenyooka. Injini mbili, zimening'inia chini ya mbawa. Milango ya magurudumu, imefungwa. Nyuma, chini ya mkia, alitengeneza ule mlango mkubwa unaoshuka, ulioachia mabomu, kwa bawaba za waya. Aliufungua mara moja mbele yangu, akaufunga, na sikumwona akiugusa tena. Masizi ya injini aliyapaka kwa masizi ya koroboi, kwa kidole, na bawa moja alilipaka zaidi ya lile la pili. Nilimuuliza kwa nini.

"Hii ilikuwa chafu zaidi," alisema.

Abuk alikaa mlangoni akiangalia. Kadiri ndege ilivyokamilika, ndivyo alivyoguna hata mchana ambao hapakuja ndege. Majirani walianza kupitisha watoto wao njia nyingine.

Mimi nilimwambia Ata. Alikuwa amekaa anakwangua ngozi ya mbuzi, hakuinua kichwa. "Waambie wasiimalize," alisema. "Kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu namna hiyo, kikipata viungo vyote, kikiitwa kitasikia." Ata hakuwa mtu wa kutisha watoto. Alisema vile vile ambavyo angeniambia nisiache mlango wa boma wazi. Ndiyo maana niliogopa.

Wa kuisimamia siku ya kuchinja alikuwa Mzee Malual, wa ukoo wa Mama Abuk, ambaye Jumapili alipiga ngoma kanisani na siku nyingine alikuwa na kazi hizi ambazo katekista alijifanya hazijui. Alikataa mwanzoni, akasema bati halina damu. Mama Abuk alimjibu kwamba tango nalo halina. Mzee alicheka, akakubali kuja kuiona. Siku hiyo ndipo ilipoteremshwa kwenye waya na kulazwa kwenye mkeka, na mimi nilikuwepo, nikaiona kwa mara ya kwanza kutoka juu.

Haikuwa na mgongo. Tumboni ilikuwa ndege hadi kwenye kitone cha mwisho, na juu ilikuwa mkebe. Bati tupu, kingo zimekunjwa ovyo, maandishi ya kigeni ya mafuta ya kupikia yamesimama kichwa chini. Hakukuwa na kioo, wala mstari, wala kitu. Nilihisi mwili wangu ukisisimka, kama mtu aliyegeuza mnyama aliyelala akakuta ngozi peke yake.

"Nyuma yake je?" aliuliza Mzee Malual kwa Kiswahili, labda ili nisikie na mimi.

"Tumbo najua," alisema Mama Abuk. "Mgongo sijui. Sisi iliangalia kutoka chini tu."

Mzee alisimama akiegemea fimbo. Alisema hawezi kumwambia Mungu huyu ni ng'ombe wakati ana upande mmoja. Ama iwe nzima, ama walete tango. Kisha akaenda zake, na Mama Abuk akabaki ameshika fundo lake la shuka. Ghafla aliniangalia mimi.

"Wewe, taali, kuja hapa. Wewe nachunga mbuzi kilima ya uwanja. Nakaa juu. Ndege nashuka chini yako. Mgongo yake iko namna gani?"

Nilikuwa sijaangalia vizuri, na hiyo ndiyo ilikuwa kweli. Lakini nilijua pia kwamba nikiangalia na kumwambia, itapata viungo vyote. Nilimtazama Abuk mlangoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa ule mchanga wa korongo, na alinitazama mimi, si ndege. Nikasema nitaangalia.

Siku iliyofuata niliwapeleka mbuzi kwenye kilima kile cha mawe meusi kando ya uwanja. Ilikuwa adhuhuri tena. Nililala kifudifudi kwenye jiwe hadi tumbo likaungua. Na ndege iliyokuja haikuwa zile ndogo za kila siku. Ilikuwa na mbawa juu ya mwili na injini mbili chini ya mbawa, na nilipoona masizi kwenye bawa moja zaidi ya lingine nilijibana zaidi kwenye jiwe. Leo najua kwamba ndege za aina moja ni nyingi, kwamba zilezile zilizobeba mabomu ndizo zilizobeba mtama, na kwamba injini yoyote kuukuu hutoa masizi. Wakati ule nilijua tu kwamba imesikia. Abuk ameiita, nayo imekuja kufuata mgongo wake.

Mbuzi hawakukimbia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi, kwamba waliendelea kula. Ndege iligeuka chini yangu kabisa, panga zake zikapunguza mwendo hadi zikahesabika, zikasimama. Kimya kikarudi, na lile bati kubwa likaanza kujinyosha kwa joto: tak. Niliangalia mgongo wake kwa makini kama nilivyotumwa. Waya mrefu kutoka kichwani hadi mkiani. Kitundu cha kioo kilichovimba upande mmoja kama jipu. Mbele, vioo vingi vimekaa safu. Na nyuma ya vioo, kitu kilisogea.

Kilikuwa mtu. Alifungua mlango akashuka, amevaa kaptura na miwani myeusi, akaketi kwenye kivuli cha bawa, akamenya ndizi. Alikula polepole. Kisha akainua kichwa moja kwa moja hadi pale nilipojificha, kati ya mawe yote yale, akanipungia mkono.

"Ejok!" alipaza sauti.

Mtu akikuambia ejok, unaitika. Niliitikia, "Ejok-a noi," sauti ikatoka nyembamba, nikawakusanya mbuzi nikashuka upande wa pili nikikimbia.

Nilimweleza Mama Abuk yote, na alichora mchangani kwa msumari kila nilichotaja, akiniuliza unene wa waya, na kile kioo kilichovimba kiko mbele au nyuma ya bawa. Uso wake ulikuwa umechangamka kuliko nilivyowahi kuuona. Nikamalizia na yule mtu, kwa sababu mimi nilidhani ndilo jambo zuri kuliko yote: kwamba alinisalimia kwa lugha yetu.

Msumari ulisimama. "Mtu?"

"Ndiyo. Alikuwa mbele, nyuma ya vioo. Alikula ndizi."

"Wewe ilikuwa mbali, juu, ndani ya mawe."

"Ndiyo."

"Na yeye iliona wewe."

"Aliniona. Alinipungia mkono."

Mama Abuk aliangalia mchoro wake kwa muda mrefu. Miaka yote ile, ndani ya kichwa chake, kile kitu kilikuwa mnyama. Mnyama hakuchagui, anapita, na wewe uko njiani. Sikuyajua hayo nikiwa mtoto. Nilimsikia tu akisema polepole, si kwangu: "Kwa hiyo iliona sisi."

Hakugusa bati tena kwa siku nyingi. Nilipita na kuni nikaona ndege imerudishwa kwenye boriti, inazunguka. Nilifurahi, nisiwadanganye. Nilidhani Ata ameshinda na hatari imepita. Halafu habari ikaja kwamba safari yao ya pili imepangwa, iko karibu, na nilipopita tena nikamkuta Mama Abuk amekaa, si amelala, na mgongo wa ndege ulikuwa umekwisha. Waya ulikuwepo. Jipu la kioo lilikuwepo, kitako cha chupa ya dawa. Vioo vya mbele alikuwa amevikata kwenye chupa ya plastiki, na nyuma yake, akiwa bado mbichi, aliketi mtu wa udongo.

"Hana uso," nilisema.

"Wewe ilisema iko na miwani."

Kilichonishangaza zaidi ni pembe ya shuka yake. Ilikuwa inaning'inia, laini, imejaa mikunjo. Fundo halikuwepo. Nilidhani ameuzika ushanga wa Kuol mahali fulani, kama watu wanavyofanya wakiondoka, na nikakumbuka kwamba niliambiwa nisiulize.

Siku ya kuchinja walikuwa wachache. Mzee Malual na fimbo yake, wanawake wawili wa mtaa ule, mama yangu na mimi. Ndege iliwekwa uani, kichwa kimeelekea Sudan, karibu na shimo. Abuk alikuwa shimoni. Hakuna ndege yoyote iliyokuwa angani, na bado alikuwa anaguna, na nilipoweka kiganja kwenye ile ndege, sijui ni nini kilinituma, bati lilikuwa linatetemeka. Niliondoa mkono nikaufuta kwenye gauni.

Mzee Malual aliinyunyizia maji. Aliongea nayo kwa lugha yao, sauti ya juu, na wanawake walirudia mwisho wa kila neno lake. Mama yangu alininong'oneza alichokuwa ameelezwa: anaiambia kwamba wewe ni ng'ombe, umekubali, utabeba lile la Abuk uende nalo. Jua lilikuwa wima. Hakuna aliyekuwa na kivuli. Mama Abuk alipiga magoti na panga, akaliinua juu ya lile bati, pale mbele kabisa, juu ya vioo. Nilimwona akichagua mahali. Hakutaka katikati, linapopasuliwa tango. Alitaka mbele.

Mguno ukakatika.

Sikujua jinsi nilivyokuwa nimeuzoea hadi ulipokoma, masikio yakaniuma. Abuk alikuwa ametoka shimoni, vumbi limempaka mgongo mzima, akaweka mkono wake kwenye vioo, chini ya panga.

"Yeye shuka kwanza," alisema.

Alisema kwa Kiswahili. Kilikuwa kile kile changu cha michezo, ambacho nilimsemesha miezi yote ile bila kujibiwa, na sauti yake ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa. Mama Abuk alikuwa bado ameinua panga. Alisema kitu kwa lugha yao, kwa hasira, na Abuk akatikisa kichwa.

"Shuka kwanza."

Nililia, sioni haya kusema. Mama Abuk alimtazama mwanawe, na chuki yote aliyokuwa ameibeba tangu kule ilikuwa usoni mwake wazi, watu wote wakiiona. Kisha akalaza panga chini. Aling'oa kioo kwa vidole, akamtoa yule mtu mdogo kwa uangalifu mkubwa kama anatoa yai, akamweka mchangani kando. Abuk alishika panga pamoja na mama yake na wakaipasua ndege katikati, sawasawa kama inavyotakiwa. Ndani hakukuwa na kitu. Mzee Malual alisema imekufa.

Walisafiri. Nilienda uwanjani na mama kuwaaga kutoka nyuma ya waya, na nilimwona Abuk akisimama chini ya ngazi, akaangalia vile vioo vya mbele, akasubiri. Watu nyuma yake walianza kunung'unika. Rubani alimwona, akainua mkono. Abuk akapanda.

Asubuhi ya siku hiyo Mama Abuk alikuwa ameniwekea yule mtu wa udongo kiganjani, amefungwa kwenye kitambaa. "Mimi haiwezi ruka na yeye," alisema. "Na haiwezi tupa. Wewe ndio iliona yeye. Weka. Usivunje." Ata hakutaka aingie nyumbani, akakaa miaka ndani ya mkebe uliofunikwa, kwenye ua wa boma, na mbuzi hawakulala upande ule. Baadaye nikaja naye Lodwar.

Mama Abuk alifariki mwaka jana, huko kwenye baridi. Leo, nilipokwisha kuandika hadi hapa, nilichukua kitambaa nikapanda kwenye stuli kupangusa rafu. Tope lilikuwa limekauka juu na bado laini chini. Kidole changu kiligusa punje. Nikaosha lile tope kwenye bakuli, maji yakawa meusi, nikayamwaga taratibu, na chini kabisa ukabaki ushanga wa buluu, mdogo mdogo, wa shingo ya mtoto.

Nimekaa nao miaka yote hii nimeugeuzia ukutani. Sijui kama Mama Abuk alitaka kumtwika mtu yule mzigo wake hadi chini ya panga, au kama alitaka Kuol asiwe peke yake. Hakuna wa kumuuliza tena. Nilimpigia Abuk simu, nikamwambia nilichokikuta. Alinyamaza. Mimi sikuogopa, ukimya wake naujua. Nilisubiri nikiwa nimeshika bakuli, nikisikia kule kwake maji ya bomba yakitiririka, mtu akiyafunga. Halafu akaongea kwa Kiswahili chake kile kile ambacho hakijakua tangu uani kwao.

"Basi siku ile," alisema, "ilishuka watu wawili."